Vichoro vyangu vya nyeusi na nyeupe vyote vinafanana. Nakosea wapi?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi nachora kwa rangi za akriliki, nakaa Kisauni, Mombasa. Nataka kuchora Mji wa Kale upande wa bandari, kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 80: nyumba, maji, majahazi na watu. Nimepiga picha nyingi kwa simu. Tatizo langu ni kwamba kazi zangu huanza vizuri, kisha kila ninavyoongeza rangi zinazidi kufifia. Mtu akisimama mbali haoni kitu. Niliambiwa nianze na vichoro vidogo vya nyeusi na nyeupe. Nimefanya kumi, vyote vimetoka sawasawa na picha ya simu, na sioni vimenisaidia nini. Je, ni lazima? Na kama ni lazima, hufanywaje mpaka vikamfaa mtu?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kulieleza tatizo waziwazi, maana jibu umelitaja mwenyewe: vichoro kumi, vyote sawasawa na picha ya simu. Maana yake ulikaa ukanakili picha ile ile mara kumi, kwa udogo, bila rangi. Kazi hiyo kweli haina msaada. Kichoro kidogo humfaa mchoraji pale anapokitumia kuamua: nini kiwe giza, nini kiwe mwanga, vipande viwe vingapi, kipi kikubwa na kipi kidogo, na kila kimoja kikae wapi ndani ya mstatili wake. Simu yako haikuamua hata moja katika hayo. Ilichukua kila kilichokuwa mbele yake, nawe ukakichukua kutoka kwayo.

Kuhusu ulazima, kwa kazi unayoitaka nasema ndiyo, ni lazima. Mtu anayechora embe moja juu ya meza anaweza kuanza kwenye kanvasi moja kwa moja na akafika salama. Wewe umetaka nyumba, maji, majahazi na watu katika picha moja. Vitu hivyo visipopangwa mapema vitagombania jicho la mtazamaji, na hakuna rangi itakayokuja kuvipatanisha baadaye.

Tuanze na hilo la kufifia, kwa sababu ukilielewa utajua vichoro vinatibu nini. Unachora dirisha, unalitia kivuli chake na mng'ao wake. Unahamia jahazi, nalo unalitia kivuli na mng'ao. Unakwenda kwenye gunia, kwenye mtu, kwenye boriti iliyochomoza ukutani, na kila kimoja unakipa giza lake kali na weupe wake mkali, kwa kuwa ukikitazama peke yake kweli unayaona hayo. Mwishowe giza na mwanga vimetapakaa kanvasi nzima kwa kiasi kile kile. Ukiwa karibu, kila kitu kimechorwa vizuri. Ukirudi nyuma hatua kumi, jicho halitenganishi tena vitu vidogo. Linavichanganya vyote na kupata kijivu kimoja kisicho na umbo. Ndiko huko kufifia. Ukiongeza rangi hapo unazidisha vitu vya kuchanganyika.

Rangi nazo hupotosha, na kwetu pwani hupotosha zaidi kwa sababu ni kali. Tazama bogenvilia iliyotambaa juu ya ukuta, maua mekundu katika majani ya kijani. Kwa macho rangi zile zinapigana. Igeuze picha yake iwe nyeusi na nyeupe, na mara nyingi utakuta ua na jani vimekuwa kijivu cha aina moja, hujui kipi ni kipi. Njano, hata ikiwa kali namna gani, hukaa karibu na nyeupe. Ukiitia giza inaacha kuwa njano, inageuka kahawia au kijani. Buluu ya bahari ya alasiri inaweza kuwa na giza kuliko ukuta wa kahawia uliopigwa na jua. Mchoraji asiyejua hili huamini kwamba rangi zitambebea picha, na rangi haziwezi kubeba picha ambayo giza na mwanga wake haujapangwa.

Wachoraji wa China na Japani walilijua jambo hili zamani. Walichora kwa wino mweusi karne nyingi, na karatasi iliyoachwa nyeupe waliipanga kwa uangalifu ule ule wa sehemu iliyopakwa. Mwaka 1891, mwalimu mmoja wa sanaa wa Marekani, Arthur Wesley Dow, alikutana na kazi za Hokusai, mchoraji wa Japani, mjini Boston, na huko akafahamiana na Ernest Fenollosa, aliyekuwa msimamizi wa sanaa za Kijapani kwenye jumba la makumbusho la mji huo. Kutokana na hayo Dow akaunda namna yake ya kufundisha, akaichapisha mwaka 1899: mwanafunzi aanze na mistari, afuatie na mgawanyo wa giza na mwanga, rangi ije mwisho. Georgia O'Keeffe, mchoraji mashuhuri wa Marekani, ni mmoja wa waliosoma kwake.

Zoezi moja la Dow ndilo dawa yako. Chukua mchoro mmoja wa mistari, tuseme mandhari yenye mti, mto na kilima, kisha uurudie mara kadhaa, kila mara ukibadilisha sehemu zilizo nyeusi na zilizo nyeupe. Mistari haiguswi. Mti mweusi juu ya anga jeupe. Halafu mti mweupe juu ya anga jeusi. Halafu kila kitu cheusi isipokuwa mto. Kila kimoja kinatoka picha nyingine kabisa, yenye hali yake na mahali pake pa kutuliza jicho. Hebu angalia vichoro vyako kumi: je, kuna hata kimoja ambacho ukuta uliokuwa mweupe umegeuka mweusi?

Kabla hujashika kalamu, amua saa. Bandari ya Kale iko mashariki ya kisiwa, inatazamana na Nyali. Saa mbili asubuhi, ukisimama kwenye ngazi za Leven ukatazama maji, jua liko usoni mwako. Maji yanawaka meupe, na chochote kilicho mbele yake, mlingoti au mtu au ubavu wa jahazi, kinakuwa kipande cheusi kitupu. Rudi pale pale saa kumi alasiri. Sasa jua liko mgongoni, juu ya mapaa ya mji. Maji yamekolea buluu, jahazi limepata rangi zake zote, na nyumba za ukingoni zimeangusha kivuli upande wa maji. Mahali ni pamoja, ila giza na mwanga vimebadilishana nafasi. Saa sita mchana ni hali nyingine tena. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Vivuli vya kando karibu vyote hupotea, na vinavyobaki ni vile vinavyoteremka ukutani chini ya roshani na chini ya mapaa. Hivyo ni vivuli vizuri sana, virefu na vya wima, na wachoraji wengi huvikosa kwa sababu saa hizo wako ndani wamelikimbia joto.

Basi zipange picha zako za simu kwa saa zilipopigwa. Nashuku umechukua anga la asubuhi ukalipeleka kwenye nyumba za alasiri. Kama ni hivyo, hakuna mpango utakaokaa sawa.

Vifaa ni vichache: karatasi ya kawaida ya kuchapia, penseli, rula, na maka peni nyeusi yenye ncha nene. Ncha nyembamba itakushawishi uchore madirisha. Kanvasi yako ni 60 kwa 80, kwa hiyo kila kisanduku kiwe sentimita 6 kwa 8, na ukipime kwa rula. Ukipanga ndani ya mraba kisha ukahamishia kwenye mstatili, mpango wote umevunjika, kwa sababu nafasi zilizokuwa kati ya vitu si zile tena. Weka visanduku sita kwenye ukurasa mmoja ili uvione kwa pamoja, maana utachagua kwa kulinganisha.

Sasa tuchukue mandhari moja tuifanye. Ni mwezi wa Julai, saa nne asubuhi. Umesimama kwenye uchochoro wa Mji wa Kale unaoshuka kuelekea maji, yaani unatazama mashariki. Julai jua limeelekea upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta mrefu wa chokaa ulio kushoto kwako uko kivulini, na nyumba ya kulia, ile yenye roshani ya mbao, imepigwa jua sehemu ya juu. Mwisho wa uchochoro panaonekana kipande cha maji na jahazi. Mbele yako, upande wa kivuli, mzee mwenye kanzu amekaa barazani. Mama mwenye buibui anateremka, ameshafika juani.

Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Madirisha yanapotea, nakshi zinapotea, nyuso zinapotea, vinabaki vipande. Hapa ndipo penye kazi. Ule ukuta wa chokaa ni mweupe, kila mtu anajua ni mweupe, lakini uko kivulini na maji yaliyo mwisho wa uchochoro yanawaka. Ukiulinganisha na maji, ukuta ni giza. Kanzu ya mzee ni nyeupe, lakini naye yuko kivulini. Buibui ni jeusi, lakini kitambaa cheusi kikiingia kwenye jua kali hutoa kijivu. Na wewe ndani ya kisanduku huna kijivu. Una maka peni na karatasi. Ukuta ni mweusi au mweupe? Kanzu je?

Kisanduku cha kwanza fuata mwanga. Chochote kilicho kivulini kiwe cheusi, hata kikiwa ni chokaa. Ukuta wa kushoto, sakafu ya uchochoro, baraza, mzee na kanzu yake, na sehemu ya chini ya nyumba ya kulia vyote viingie katika kipande kimoja cheusi. Usiweke mstari wa kuvitenganisha. Mzee atapotea, mwache apotee. Félix Vallotton, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Paris, katika miaka ya 1890 alichonga kwenye mbao picha za kuchapwa ambamo koti jeusi la mtu linaingia katika giza la chumba bila mstari wowote kati yake, na bado unamwona mtu, kwa sababu uso na mkono vimebaki vyeupe mahali panapostahili. Kuunganisha giza na giza ndiyo sehemu inayowatia watu woga zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kilichobaki cheupe katika kisanduku chako ni anga, maji, na roshani: kipande kimoja kilichokaa juu na kushuka katikati.

Kisanduku cha pili fuata rangi ya kitu chenyewe, kana kwamba jua halipo. Kuta zote nyeupe, kanzu nyeupe, mbao za roshani nyeusi, buibui jeusi, ubavu wa jahazi mweusi. Picha imekuwa nyepesi na changamfu, lakini vile vipande vyeusi vimetawanyika, kimoja huku, kimoja kule. Jaribu kuiunganisha roshani na kivuli chake, na buibui na kivuli kilicho miguuni pa mama, uone kama picha inatulia.

Cha tatu kirudie cha kwanza, ila safari hii umwokoe mzee. Kanzu peke yake, ndani ya giza lote lile, iache nyeupe. Kwa kipimo cha mwanga hiyo si kweli kamili, maana kanzu ya kivulini haing'ai hivyo. Lakini ona kilichotokea. Jicho linatoka kwenye maji, linavuka giza, linatua juu ya mzee, na picha yote imekuwa yake. Jahazi limebaki kusindikiza tu. Huo ndio uamuzi ninaouzungumzia, na hakuna kamera ingeufanya kwa niaba yako.

Cha nne kiwe cha mama. Mteremshe mpaka asimame mbele ya maji, mweusi juu ya weupe, na mzee umwondoe kabisa. Cha tano punguza uchochoro, songa mbele, acha maji yachukue theluthi mbili za kisanduku, na majahazi na kamba zake yawe kipande kimoja cheusi kilichogusa ukingo wa kulia. Cha sita pindua kila kitu: anga na maji viwe vyeusi, ukuta wa jua uwe mweupe. Usidhani hiki ni mchezo tu. Kila aliyekaa Mombasa ameona wingu la mvua limetanda baharini huku jua likipiga kuta za mji. Kichoro kimeiona hali hiyo kabla yako, na kinaweza kukupeleka ukaingoje.

Nadhani sasa unaona tofauti na vile vyako kumi. Uchochoro ni ule ule, na una picha sita ambazo mtu hawezi kuzichanganya.

Kuchagua kuna mambo yake. La kwanza ninaloangalia ni kiasi. Nusu nyeusi kwa nusu nyeupe huchosha, kwa sababu hakuna upande uliotawala. Itandike leso chini uitazame: pindo ni jembamba, mji ni mpana, na kila kimoja kinajua nafasi yake. Leso ya kisutu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, nawe unaitambua kutoka upande wa pili wa barabara. Katika kichoro, theluthi mbili kwa theluthi moja ni mahali pazuri pa kuanzia, na hata zaidi ya hapo. Robo tatu za giza na robo ya mwanga hutoa picha nzito, ya kuvuta pumzi. Kinyume chake hutoa picha ya hewa na nafasi.

Kisha hesabu vipande. Vikizidi saba au hivi, umeanza tena kuchora vitu kimoja kimoja. Angalia pia maumbo ya weupe, si ya weusi tu. Watu hupaka weusi kwa bidii na weupe ukabaki kama mabaki ya kitambaa kwa fundi. Weupe wa anga kati ya mapaa mawili una umbo lake, na umbo hilo likiwa zuri picha inakaa. Tazama kingo nne. Kipande cheusi kinachogusa ukingo mmoja au miwili kinaishikilia picha, ila kile kinachoelea katikati bila kugusa chochote hukaa kama shimo. Pembe ya kisanduku ikiwa na kipande chenye ncha kali, jicho litatokea hapo na halitarudi.

Baada ya hapo geuza ukurasa juu chini, uubandike ukutani, urudi nyuma mpaka mlangoni. Usijiulize kipi kinafanana zaidi na Mji wa Kale. Jiulize kipi kinakuita. Kikikuita kikiwa juu chini na mbali, kina nguvu ya mpango, na nguvu hiyo haitaondoka utakapokitia rangi.

Ukikaa na maka peni ukaona mkono bado unakimbilia picha ya simu, kuna njia nyingine ninayoipenda sana kwa mtu aliyekwama. Nunua karatasi ya manila nyeusi na mkasi. Kata vipande: ukuta, roshani, jahazi, mtu. Vitandaze juu ya karatasi nyeupe yenye kisanduku kikubwa kidogo, tuseme sentimita 12 kwa 16, bila gundi, halafu visogeze. Mkasi hauwezi kukata kigae kimoja kimoja cha paa, kwa hiyo hutaingia kwenye vitu vidogo hata ukitaka. Na kipande kisicho na gundi hakina ubishi: ukisogeza jahazi kidogo kushoto unaona papo hapo kama picha imepumua au imebanwa. Ukiridhika, piga picha, ndipo ubandike.

Huenda unajiuliza kwa nini usitumie programu ya simu inayogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Itumie kukagua rangi, kama nilivyokwambia kuhusu bogenvilia. Kwa kupanga, haifai peke yake. Ile ya kijivu itakupa mamia ya vijivu na uamuzi utabaki pale pale. Ile ya rangi mbili tupu itakata kwa kiwango kimoja picha nzima, haijui kwamba mzee ni muhimu kuliko mkebe wa takataka uliopigwa na jua pembeni yake.

Ukishachagua kimoja, kifanye tena, na sasa ruhusu kijivu kimoja. Penseli laini ya 6B inatosha, au wino uliozimuliwa kwa maji. Swali la hatua hii ni moja tu: hicho kijivu kinajiunga na nani? Kijivu kinapaswa kukaa upande mmoja, ama kiwe jamaa ya giza ama jamaa ya mwanga. Katika kile kisanduku cha mzee mimi ningekipeleka upande wa giza: ukuta wa chokaa uwe kijivu, sakafu na sehemu ya chini ya nyumba vibaki vyeusi. Mtu akifinya macho, ukuta urudi kuungana na giza. Ukikigawa kijivu nusu huku nusu kule, lile umbo uliloliamua kwa tabu litayeyuka, na umerudi ulikotoka.

Kwenda kwenye kanvasi si kugumu. Gawa kichoro kwa miraba ya sentimita 2, kanvasi kwa miraba ya sentimita 20, uhamishe kingo za vipande tu, usihamishe madirisha. Paka vipande vyote kwa rangi moja ya kahawia iliyozimuliwa, katika viwango vitatu ulivyopanga, na uviache vikauke. Kwa muda huo una picha kamili isiyo na rangi. Simama mbali uitazame. Kama haina nguvu sasa, rudi kwenye karatasi, usitegemee rangi. Kama ina nguvu, anza kuchanganya rangi zako, na kila rangi iingie katika kiwango ilichopangiwa. Ndani ya kile kipande cha giza unaweza kutia buluu, zambarau, kijani, wekundu wa udongo, uhuru wote ni wako, mradi hakuna hata moja inayopanda mpaka ikafikia mwanga. Hapo ndipo utakapopata utajiri wa rangi uliokuwa ukiutafuta, na mtu aliye mbali ataendelea kuona.

Weka kichoro kando ya kanvasi mpaka siku ya mwisho. Utatamani kubadilisha, na kubadilisha kunaruhusiwa. Picasso, mchoraji wa Hispania, alianza michoro ya awali ya Guernica, picha yake kubwa, tarehe 1 Mei 1937, na mwanamke anayetoa taa dirishani yumo katika michoro ya siku hiyo ya kwanza. Kazi yenyewe ikaja kuwa na urefu wa mita 7.77 na kimo cha mita 3.49, yote kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Yule mwanamke na taa yake wakabaki. Lakini mkono ulionyanyuliwa na ngumi, ambao unaonekana wazi katika picha alizopiga mpigapicha Dora Maar kazi ikiendelea, Picasso aliufuta. Kwa hiyo ukitaka kumwongeza mchukuzi wa magunia ambaye hayumo katika kichoro, mwongeze. Ila mjaribu kwanza kwenye kisanduku kipya cha 6 kwa 8, kazi ya dakika chache, uone anajiunga na kipande kipi na anakivunja kipi.

Jambo la mwisho linahusu akriliki yenyewe, kwa sababu huenda ni sehemu ya tatizo lako. Akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Ukilinganisha rangi mbichi na kichoro chako utadhani umepatia, kisha baada ya nusu saa sehemu za mwanga zimeshuka na zimekaribia kijivu. Paka kidogo pembeni mwa karatasi, iache ikauke kabisa, ndipo uilinganishe na kichoro, na sehemu za mwanga zichanganye nyepesi kidogo kuliko unavyodhani zinahitaji.